Mzinga wa Mabruki

Kiapo chenyewe Mabruki alikila akiwa amelala chali, kwenye kitanda cha hospitali pale Kitete, na mtu aliyelala chali hana ubishi. Mkewe Najiat alikuwa amemwinamia, ushungi umemteleza, macho mekundu. Jana yake mumewe alikuwa ametolewa bwawani kwa kamba kama ndoo, maji yanamtoka puani, na wanaume waliomvuta walikwisha kuanza kunong'ona maneno ya msibani.

"Sema," alimwambia. "Sema: Wallahi, sitapiga mbizi tena katika bwawa lile kwa pumzi yangu."

"Wallahi, sitapiga mbizi tena katika bwawa lile kwa pumzi yangu," akasema Mabruki.

Hapo ndipo Najiat alipokaa kitini akalia.

Mabruki ni fundi baiskeli wa Cheyo. Ukiwa na baiskeli Tabora unamjua, na Tabora nani hana baiskeli? Ni mfupi, ana mabega mapana ya ukoo wa mapagazi. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji mpaka pwani, na ukoo mzima hadi leo unajivunia mabega utadhani pembe zile walizibeba wao. Kazi yake ya kila siku ni spoku na minyororo. Kazi yake ya pili ilimjia mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, nayo ilikuwa bwawa la Ng'washi.

Bwawa hilo liko nje ya mji, pembeni mwa njia ya zamani ya misafara, na vijiji viwili vinakunywa na kunyweshea hapo. Chini kabisa ya ukuta wake kuna mdomo wa bomba, na mdomo huo umefunikwa kikapu cha waya ambacho watu wanakiita chujio. Kila mwaka mvua huleta magugu, matope na nyavu za wavuvi wasiosikia la mtu, vyote vikaja kuziba chujio. Basi lazima mtu ashuke vimo vitatu vya mtu mzima, apapase gizani, ang'oe anachoweza, apande kuvuta pumzi, ashuke tena. Aliyekuwa akishuka kabla ya Mabruki ni mdogo wake, Saidi. Siku moja Saidi alishuka na hakupanda. Walipomtoa walikuta wavu umemnasa kifundo cha mkono. Arobaini ilipopita, Mabruki akaichukua kazi ile, na hakumweleza mtu kwa nini.

Sasa Mabruki kaapa. Lakini chujio halikuapa. Mvua za mwaka uliofuata zilipoisha, maji kwenye mabirika ya ng'ombe yakawa yanadondoka kama machozi ya mtoto anayedeka. Wanakijiji waliomba mzamiaji wa kazi kutoka mkoa mwingine, wakaambiwa wasubiri zamu. Ng'ombe hajui zamu. Wakaja Cheyo watu wazima watatu, wakamwamkia Mabruki vizuri, halafu wakageuka wakamtazama mwanawe Nasri, aliyekuwa anakaza breki kando yake. Nasri ana miaka thelathini, kifua kipana, na nyumbani ana mtoto ambaye hata kukaa hajajua.

"Nitashuka," alisema Nasri, bila kuinua kichwa.

Najiat alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka sinia chini, akamtazama mumewe, na Mabruki akajiona mwizi. Alikuwa amejiokoa mwenyewe kwa kiapo, kumbe amemsukuma mwanawe mbele.

"Hakuna mtu wa nyumba hii atakayeshuka tena kwa pumzi yake," alisema Mabruki. "Nipeni mpaka mwezi uandame. Nitatengeneza kitu cha kupumulia chini ya maji."

Wale wazee wakatazamana kwa adabu. Mmoja akauliza kama bado anatumia dawa za hospitali.

Ukweli ni kwamba kitu chenyewe alikuwa amekiona kwenye simu ya Nasri. Video ilimwonyesha kijana mrembo, kanyoa vizuri, ameng'ata kidude chenye mikono miwili, akateleza katika maji maangavu kama samaki, bila mtungi wala mpira. Maelezo yalisema kidude hicho huchuja hewa kutoka majini, kama matamvua ya samaki. Mabruki aliitazama video hiyo mpaka betri ikaisha, akaomba chaja. Alikuwa na hakika kwamba fundi aliyefungua kila aina ya baiskeli iliyopita barabara ya Tabora hawezi kushindwa na kitu kinachoenea mdomoni.

Aliyemtoa ndotoni ni Magreth. Huyu ni binti wa Bernardo, mrina asali wa Sikonge ambaye baiskeli yake ya kubebea asali Mabruki ameifufua mara nyingi kuliko inavyostahili. Magreth anasomea ubunifu wa vifaa Dar es Salaam, na likizo ile alikuja na begi moja la nguo na sanduku moja alilolibeba kama yai. Ndani mlikuwa na barakoa ya kuzamia aliyoibuni mwenyewe. Kioo chake kilifunika uso mzima, taa zilizunguka ukingoni, na kwenye kona ya kioo zilijiandika zenyewe tarakimu za kina na joto la maji. Nyuma yake ilining'inia chupa ya hewa ndogo kama chupa ya chai.

"Shikamoo baba," alisema. "Baba yangu ameniambia una bwawa. Nami natafuta maji ya kujaribia."

"Marahaba mwanangu. Kwanza niambie kuhusu hiki." Mabruki akamwonyesha video.

Magreth akaitazama, akatabasamu kwa huruma. "Hiki hakipo, baba. Ni picha tu ya kupendezesha. Hewa imo majini, ndiyo, lakini ni kidogo mno. Ni kama kukamua masega makavu, unakamua mzinga mzima unapata kijiko. Samaki anatosheka kwa kuwa damu yake ni baridi na hana haraka. Mtu angehitaji kuchuja mapipa na mapipa kwa pumzi chache."

Ilimuuma Mabruki, tusifiche. Mtu akikuonyesha kwamba ndoto yako ni picha, hata akiongea kwa upole namna gani, unatamani kumnyang'anya simu. Lakini alikuwa amekwisha kuahidi mbele ya watu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Basi tujaribu ya kwako," alisema.

Wakaenda Ng'washi. Magreth akaingia mwenyewe, kamba kiunoni, kando kando tu ambako maji humfika mtu kifuani, akachutama na barakoa yake. Taa zikawaka, na maji yale ya rangi ya chai ya maziwa yakamrudishia mwanga wote usoni. Tarakimu zake zilionekana safi kabisa. Mkono wake mwenyewe hakuuona. Na kabla hajamaliza kupapasa ukuta, chupa ikalia kuonya kwamba hewa inakwisha.

Alipoinuka akavua barakoa, akang'ata mdomo. Mabruki alidhani atalia. Badala yake alicheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya hadhara.

"Nimetengeneza dirisha la kutazamia uji," alisema. "Hiki kitafaa baharini siku moja, nikikaza. Hapa mtu hahitaji kuona. Anahitaji hewa isiyoisha, na mikono yake miwili." Akageuka akamtazama Mabruki. "Hewa isiyoisha iko huku juu, baba. Ni kuisukuma tu ifike chini. Wewe unasukuma hewa kila siku."

Mabruki akamwelewa kabla hajamaliza. Kazi ya maisha yake ilikuwa kujaza upepo.

Kuanzia siku ile karakana ya Cheyo haikulala njaa ya kelele. Mabruki alichukua mtungi mkubwa wa gesi uliochakaa, akaujaza maji kwanza usije ukamlipukia, akaukata kitako, ukawa kofia ya kuvaliwa mpaka mabegani. Chini uliachwa wazi. Magreth alimwonyesha kwa bilauri iliyofudikizwa ndani ya ndoo: hewa inabaki juu, maji yanabaki chini, na inayozidi inatoka yenyewe kwa mapovu. Nasri akaitega baiskeli kwenye fremu, gurudumu la nyuma likizungusha pampu mbili za matairi ya malori, moja ikivuta nyingine ikisukuma. Mpira mrefu mnene ukatoka pale ukaingia utosini mwa kofia, na hapo Magreth akadai iwekwe valvu ya kuruhusu hewa iingie isirudi, maana mpira ukikatika juu, hewa yote ya kofia itakimbia. Hakukubali mzaha juu ya valvu ile. Aliijaribu mwenyewe kwa kuinyonya mpaka mashavu yakamwingia ndani.

Ni kwa kitu kimoja tu waligombana. Magreth alisema kofia isiwe na dirisha, kwa kuwa hakuna cha kuonekana na kila tundu ni mahali pa kuvujia.

"Kisicho na dirisha ni kaburi," alisema Mabruki. "Nataka dirisha."

"Basi tulizibe kwa mpira wa tyubu, na boliti pande zote."

"Kwa nta," alisema Mabruki. "Nta inaziba kila kitu. Baba yako anayo ya kumwaga."

Mwenye shoka hakosi kuni, na mwenye rafiki wa Sikonge hakosi nta. Bernardo akaleta bonge zima, bado lina harufu ya asali. Mabruki akaiyeyusha, akapaka kuzunguka kioo, ndani na nje, na kwa kuwa ilibaki akapaka na ukingo wa chini. Kisha wakaipeleka kofia bwawani, na ili nta ikauke vizuri bila kuguswa na mbuzi, Mabruki akaitundika juu kwenye tawi la mninga, mdomo ukielekea chini. Akarudi nyumbani ameridhika na nafsi yake.

Waliporudi baadaye na baiskeli na pampu, kofia ilikuwa inavuma.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama mbali. Wengine walisema ni mkosi, Saidi hataki. Wengine walisema ni baraka, nyuki hawaendi kwa mtu mbaya. Bernardo, aliyefuatana nao, aliegemeza baiskeli yake, akasogea, akatazama juu, akaona kundi zima limehamia ndani na linaning'inia shada kwa shada. Kisha akakaa chini majanini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwangaluka, jirani!" aliwaamkia nyuki. "Mabruki, sikiliza. Umechukua kitu chenye tumbo, ukakipaka nta yenye asali, ukakitundika mtini, ukaacha mlango chini. Unajua sisi Sikonge hicho tunakiitaje? Tunakiita mzinga. Hata mimi singeutega vizuri zaidi!"

Kicheko kikaenea, na jina likaganda pale pale. Tangu saa ile hakuna aliyesema tena kofia. Kijana mmoja aliyewahi kukaa Dar akaongeza kwamba mzee amepiga mzinga kweli, na huko Dar maana yake ni nyingine, ya kuomba omba hela, nao wakacheka tena. Mabruki alisimama katikati ya kicheko hicho amefura. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, kwa sababu Nasri hakuwa anacheka.

"Baba," alisema Nasri polepole, "mwezi umeandama jana. Watu wanataka maji. Wacha nishuke mara moja tu, nitakuwa mwepesi."

"Saidi naye alikuwa mwepesi," alisema Mabruki. "Kalete tyubu na boliti."

Akamgeukia Magreth mbele ya watu wote. "Ulisema," alimwambia. Magreth akaitikia kwa kichwa tu, hakuongeza neno, na Mabruki akamshukuru moyoni kwa ukimya ule.

Bernardo akawasha moshi wake, akawahamisha nyuki kwa upole katika mzinga wa gome alioutundika mti wa pili. "Usihuzunike," alimwambia rafiki yake akipangusa nta. "Nyuki hakai pasipo na hewa. Mpangaji wa kwanza ameikubali nyumba." Mabruki na Nasri wakang'oa dirisha, wakalirudisha kwa mpira wa tyubu na boliti pande zote, wakalizamisha ukingoni. Halikuvuja hata tone.

Asubuhi iliyofuata mlango wa bomba ulifungwa ili maji yasije yakamvuta mtu. Hapo ndipo Najiat alipotokea. Alikuwa amevaa suruali ya Nasri na kanga juu yake, na mkononi alishika ngata mbili nene alizozisokota mwenyewe kwa vitenge, za kuweka mabegani chini ya chuma. Alimvisha mumewe bila kumtazama machoni. Kisha akaenda akasimama kando ya baiskeli.

"Anaanza Nasri," alisema. "Akichoka napanda mimi. Mtu mwingine asiguse."

Mzinga ulikuwa mzito kupita kiasi, maana ulifungiwa gia chakavu na minyororo ili usielee. Mabruki alipiga hatua akayumba.

"Twende, pagazi!" alimpigia kelele Bernardo. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!"

"Njoo ubebe wewe usufi huu," alisema Mabruki, na sauti yake ikarudi masikioni mwake kutoka kwenye chuma.

Magreth alimfunga kamba kiunoni na kumkumbusha mara ya mwisho. Kuvuta mara mbili ni kupandishwa. Na wakati wa kupanda asibane pumzi hata kidogo, hewa ya chini hutanuka ikija juu, mapafu yanaweza kupasuka. "Panda ukiimba, baba. Anayeimba habani pumzi. Imba neno lolote."

Akashuka ngazi. Maji yalimfika magotini, kiunoni, mabegani, na hapo jambo likatokea ambalo hakulitegemea, ingawa Magreth alimweleza. Uzito uliondoka. Mzigo wote wa chuma na minyororo ukawa usufi kweli, na Mabruki akatamani kupanda kumwambia Bernardo. Hewa ilimjia utosini kwa mikupuo, puu, puu, ikinuka mpira, na nyuma ya mpira ilinuka asali. Dirishani maji yalikuwa ya kahawia, kisha meusi. Hakuona kitu, na bado alifurahi kwamba dirisha lipo.

Mikono ikalipata chujio. Akaanza kung'oa magugu, fungu kwa fungu, akiyasukuma kando. Alizoea kung'oa kwa wazimu, kifua kinawaka. Sasa alikuwa anapumua kama mtu anayepalilia karanga. Alipofika chini zaidi, vidole vikagusa uzi, na kabla hajautoa mkono, wavu ukamkaba kifundo.

Mwili wake ulikumbuka kabla yake. Miguu ilipiga teke, mkono wa pili ukatafuta kamba, kifua kikajibana kama zamani, na kadiri alivyovuta ndivyo wavu ulivyokaza. Alisikia moyo wake ukigonga chuma. Mikupuo ya hewa nayo ilikuwa ya haraka na ya kushtukashtuka, maana Nasri huko juu aliona mapovu yamevurugika, akakanyaga kwa hofu. Kisha hewa ikakatika kabisa. Mabruki alifumba macho akatamka shahada.

Puu. Ikarudi. Puu, puu, taratibu, sawasawa, kama mtu anayetwanga akijua mahindi ni mengi na siku ni ndefu. Mabruki amelala kando ya mwanamke huyo miaka zaidi ya thelathini. Hakuhitaji kuambiwa nani amepanda baiskeli.

Akaacha kuvuta. Akapumua. Akapumua tena. Mkono wa pili ukarudi polepole kwenye kifundo, ukatafuta uzi mmoja, ukauteleza juu ya kidole gumba, ukatafuta wa pili. Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililomvunja. Mtoto angeweza kujinasua pale, kama angepewa muda. Saidi alikuwa na nguvu kuliko yeye, na mikono hodari kuliko yake, na alikosa muda tu, muda mdogo kama wa kufunga kiatu. Mabruki akalia ndani ya mzinga, kwa sauti, mahali ambapo hakuna binadamu wa kumsikia, na bado mikono yake haikuacha kufungua nyuzi. Mkono ulipotoka aliukunja wavu wote, akauchomeka mkandani. Akamaliza chujio mpaka waya ukawa mtupu. Ndipo akavuta kamba mara mbili.

Alitakiwa kuimba, na nyimbo zote zilikuwa zimemtoka kichwani. Likabaki neno moja. Akalivuta refu, tangu chini mpaka juu, bila kubana, na waliokuwa ukingoni walilisikia likitoka ndani ya chuma kabla kichwa hakijatokea, likipanda na mapovu: "Saidiii!"

Wakamvua mzinga, wakauchomoa mpira utosini mwake. Alikaa ukingoni, macho mekundu, wavu mkandani, na hakuna aliyethubutu kumtania. Upande wa pili wa ukuta mlango wa bomba ulifunguliwa, maji yakaja kwa kishindo, watu wakakimbilia huko wakipiga vigelegele.

Najiat alikuwa bado anapiga pedali.

"Mama Nasri, basi," alisema Mabruki. "Nimetoka."

Hakuacha. Jasho lilimtiririka, kanga imemlegea, macho ameyakaza mbele. "Ulikula yamini," alisema, akihema. "Kitandani. Mbele yangu."

"Niliapa sitashuka kwa pumzi yangu." Mabruki akauinua ule mpira uliotoka kwenye baiskeli mpaka magotini pake, bado unapuliza, akauelekeza usoni kwa mkewe ili ausikie upepo. "Hii si yangu."

Najiat aliutazama mpira ule tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake, na miguu yake ikapunguza mwendo, ikasimama. Alishuka, akaja akakaa kando ya mumewe. Mbele yao Nasri alikuwa ameuinua mzinga kwa mikono miwili, ameingiza kichwa, anajaribu kuona kama mabega yake yataenea.

"Yanaenea," alisema Najiat, na akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwambie mapema. Mwaka ujao akishuka yeye, pedali ni zangu."